Yah: Maombi ya Kibali cha Turubai la Kudumu

Ndugu Mhusika,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kwanza uniwie radhi kwa kutokutaja jina la ofisi yako. Dar es Salaam ina halmashauri tano, ina wakala wa barabara kuu, ina wakala wa barabara za mitaa, ina askari wa usalama barabarani, na kote tulikopita na malalamiko ya mtaa wetu tulikaribishwa kiti, tukasikilizwa hadi mwisho, kisha tukaambiwa tumekosea mlango, twende kwa mhusika. Nimeona nisikusumbue tena kwa kukutafuta. Nakuandikia hadharani; popote ulipo, utasomewa.

Siku vijana wako walipoingia mtaani na ndoo za rangi nyeupe, watu walitoka majumbani kuwatazama. Kina mama walidhani mmekuja kumfufua pundamilia wa kivuko cha mbele ya shule ya msingi, yule aliyefifia hadi madereva wageni hawajui kama aliwahi kuwepo. Mmoja akawapelekea maji ya kunywa. Vijana wakampita pundamilia bila hata kumwangalia, wakaenda kupiga maboksi juu ya njia ya waenda kwa miguu. Maboksi ya maegesho, rangi mikono miwili, kila moja na namba yake. Njia ile ilikuwa ya wanafunzi, ya wenye ndoo kichwani, ya mzee wa jirani na kiti chake cha magurudumu, na yangu mimi na baiskeli yangu ya Phoenix. Kufikia jioni ilikuwa ya Prado.

Kazi ilikuwa safi, nisiwe mchoyo wa sifa. Sijapata kuona jambo la serikali za mitaa lililonyooka kama mistari ile.

Tangu siku hiyo tumeelimika sana. Tumeelimika kwamba mwenye nyumba akisimamisha gari mbele ya geti lake mwenyewe ni mteja, anadaiwa Sh500 kwa saa, na kijana wa reflekta na kimashine atamfikia kabla hajafungua mlango. Shemeji aliyetoka Morogoro kuja kumjulia hali mgonjwa naye ni mteja. Usiku, sisi tunaoishi hapa tunapotafuta pa kulaza magari, maboksi yamejaa wanywaji wa baa ya barabara kubwa, ambao hawadaiwi hata senti kwa kuwa kimashine nacho kimekwenda kulala. Mwenye baiskeli hayumo kabisa kwenye hesabu. Yeye ni kitu kinachojipenyeza baina ya kioo cha gari lililoegeshwa na ubavu wa daladala lililochelewa, na akifika kazini mzima anamshukuru Mungu, kwa sababu hakuna mwingine wa kumshukuru.

Sasa la bibi. Nitalisema kwa kifupi, maana nikilirefusha nitaivunjia barua hii adabu. Bibi yetu wa nyumba ya kona alikuwa anakwenda dukani kununua sukari. Njia ya miguu ina gari. Akashuka barabarani kulizunguka, bodaboda ikamkuta, mguu ukavunjika juu ya goti. Mlikuja, hilo siwanyimi. Mlikuja na futi kamba, mkalipima gari. Mkakuta limo ndani ya boksi, magurudumu yote manne, halina kosa. Bodaboda alikuwa na leseni, hana kosa. Katika tukio zima, aliyekutwa nje ya mstari alikuwa bibi.

Hivi mna haya nyinyi? Mwanamke wa miaka sabini na kitu amelala kwenye lami, majirani wanamstiri kwa kanga zao, na mtu mzima mwenye kitambulisho shingoni ameinama kuhakikisha tairi la nyuma halijagusa rangi! Hakuuliza bibi alikuwa apite wapi. Mpaka leo hakuna aliyeuliza.

Nisamehe, Ndugu Mhusika. Nilikusudia kuandika kwa staha. Nirudi kwenye ombi.

Mtaa wetu una siku chache katika mwaka ambazo ni salama kabisa, nazo ni siku za msiba. Akifariki mtu, mjumbe anapigiwa simu, na kabla jua halijapanda turubai limeshasimama katikati ya barabara, kamba moja kwenye nguzo ya umeme, nyingine kwenye mwarobaini. Tawi linawekwa kule njia panda. Hakuna upembuzi yakinifu, hakuna mshauri mwelekezi, hakuna anayesubiri mwaka ujao wa fedha. Na maajabu ni madereva. Yule yule anayepita mbele ya shule kana kwamba anakimbizwa, akiliona turubai anazima muziki, anageuza taratibu na kutafuta njia nyingine. Bodaboda wanashuka na kusukuma. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 imewaambia kwenye makazi ya watu wasizidi kilometa 50 kwa saa, hawakuisikia. Mwaka 2020 mawaziri wa nchi nyingi walikutana Stockholm wakakubaliana kwamba pale watu na magari wanapochangamana mwendo uwe 30. Makubaliano hayo ndiyo hata hayakuwafikia. Turubai linawashusha hadi sifuri, wala halina kibao.

Watoto nao hutoka. Msiba ukiingia, kwetu huchezwa chandimu, rede na kombolela kutwa nzima katikati ya barabara, na wazee wakiwakemea ni kwa kelele tu, si kwa hofu. Naona aibu kulisema hili, lakini nimewahi kumsikia mtoto akimuuliza mama yake nani anaumwa mtaani, na sauti yake ilikuwa ya matumaini.

Kwa hiyo, Ndugu Mhusika, tunaomba kibali cha msiba usioisha.

Hatujaja mikono mitupu. Kamati imeshaundwa, nami ndiye katibu. Marehemu yupo: ni huyo Pundamilia wa mbele ya shule, aliyezaliwa kwa mkono mmoja wa rangi, akaugua muda mrefu kwa kukanyagwa na malori ya mchanga, akafariki bila ofisi yoyote kumjulia hali. Ameacha shule nzima ya yatima. Tutakaa matanga siku tatu kama ada, kisha tutasubiri arobaini bila kuvunja turubai, na arobaini ikikaribia tutatangaza msiba wa pili, maana foleni ya marehemu kwetu ni ndefu. Kipo kibao cha shule kilichong'olewa na, kwa taarifa tulizonazo, kuzikwa kwenye chuma chakavu. Kipo kifuniko cha mtaro. Lipo tuta letu, ambalo tulilijenga wenyewe kwa kifusi na zege jioni ile bibi alipopelekwa hospitali. Asubuhi greda lilikuwa limeshafika kulisawazisha, kwa kuwa lilijengwa bila idhini. Tuta liliishi usiku mmoja. Hiyo ndiyo huduma ya haraka kuliko zote tulizowahi kupata kwako, na ndiyo iliyotuthibitishia kwamba upo.

Turubai litaanzia geti la shule hadi duka la Mangi. Viti vya plastiki tutakodi wenyewe. Kina mama watatandikiwa majamvi kuanzia boksi namba moja hadi la sita, na bibi atakaa boksi la kwanza, mguu wake umeegemezwa kwenye mto, akiwa mfiwa mkuu. Atakuwa amestahili, na magurudumu yote manne ya kigari chake cha kutembelea yatakuwa ndani ya mstari. Boksi la saba tumelitenga kwa masufuria. La nane ni la wazee, bao, kahawa na kashata. Katikati, baina ya wanaume na wanawake, tutaacha uchochoro wa mita moja na nusu kwa ajili ya baiskeli na kiti cha magurudumu cha jirani, na hapo ndipo mtaa wetu utakapokuwa umepata njia ya baiskeli bila mkopo wa benki yoyote. Spika itaweka kaswida asubuhi na kwaya mchana, ili pasiwe na dini inayonung'unika.

Vijana wako wa vimashine wasihofie ajira. Tutawapa daftari la rambirambi. Kwa jinsi tunavyowajua, hakuna atakayepita bila kuchangia, na kila mmoja atapewa risiti. Kilio nacho kimepangwa kwa zamu: gari likijitokeza njia panda likaonyesha nia ya kupita, zamu ya kwanza inaangua, likiendelea kusogea, zamu ya pili inazimia. Mama mmoja wa nyumba ya pili ametufanyia majaribio mbele ya lori la mchanga. Lori lilirudi kinyumenyume hadi barabara kubwa, na dereva alimpa pole kupitia dirishani.

Wewe mwenyewe umewekewa kiti cha mbele, kile chenye kitambaa, na dakika tano za salamu za serikali. Tunazijua salamu zako. Utasema umeguswa. Utasema mamlaka zinalifanyia kazi. Utasema kazi ya Mungu haina makosa.

Mungu hakupiga maboksi yale, Ndugu Mhusika. Rangi ilinunuliwa, kazi ikakaguliwa, mtu akasaini. Na ukitunyima kibali, ujue turubai litasimama vivyo hivyo, tena halitahitaji saini yako. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 1.19 wanaouawa barabarani duniani kwa mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, yaani watu ambao hakuna aliyewahi kuwachorea boksi. Tunachokuomba ni kuliwahi turubai hilo.

Usije ukatuambia kwamba hujui la kufanya. Mwaka 2018 jiji hili lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, la kwanza Afrika kuipata, kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi. Wageni wakaja, wakaonyeshwa Barabara ya Morogoro na njia zake za miguu na baiskeli pembeni. (Leo ukipita na baiskeli pale utaonyeshwa pikipiki, meza za simu na gari la mtu ambaye anasema anatoka sasa hivi.) Mwaka uliofuata, mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, ambao ulifanya kazi kwenye shule za msingi za hapa hapa Dar es Salaam, ulipata tuzo ya taasisi ya World Resources Institute (WRI) ya dola 250,000 kwa mambo ambayo fundi yeyote wa mtaani anayaelewa: tuta, kipande cha njia ya miguu, kibao cha mwendo, na pengine kulihamisha geti la shule litazame upande wenye magari machache. Bogotá kule Kolombia, meya Enrique Peñalosa alisimika nguzo kwenye njia za miguu magari yakashindwa kupanda. Wapo waliotaka kumng'oa madarakani, nguzo zikabaki. Kwetu sisi wala hatukuombi ushujaa wa kiasi hicho. Nguzo nne tu zingetosha, na zege tunalo, lilibaki kwenye tuta.

Ikiwa turubai litakuwa gumu, tunayo maombi mengine madogo. Bibi asajiliwe kama gari dogo, apewe namba na boksi lake, atalipa Sh500 zake. Au kiongozi mmoja mkubwa apangiwe kupita mtaani kwetu kila Jumatatu, kwa sababu tumeona mara zote rangi na lami hupatikana usiku mmoja msafara ukitangazwa. Au shule ihamishiwe kwenye maegesho na maegesho yahamishiwe shuleni. Madawati yana kivuli, Prado haitachunika. Au tuambiwe tu, kwa barua yenye muhuri, kwamba njia ya miguu imefutwa rasmi, ili tuache kuwafundisha watoto kitu ambacho hakipo.

Kuhusu ada ya maegesho kwa wakazi hatuna ugomvi mkubwa. Tutalipa. Watu wa mtaa huu wamelipa vingi bila kuvipata, na hatutaki kuharibu rekodi. Tunaomba tu mwenye geti apewe nafasi ya kuingia kwake, na mgeni wa msiba asiwekewe karatasi kwenye waipa wakati anabeba jeneza. Imetokea, na jeneza ilibidi lisubiri kando, kwa sababu gari la kulibeba lilikuwa limefungwa mnyororo.

Viambatanisho: majina ya wanakamati, mchoro wa turubai, picha ya Pundamilia enzi za uhai wake, na cheti cha hospitali cha bibi, ambacho tunaomba kirudishwe, maana bado anakihitaji kliniki.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Kamati ya Msiba wa Pundamilia

N.B. Siku ya kuja kuhani, njoo kwa miguu, ukitokea upande wa shule.