Mshenga Aliyeondoka na Posa

Siku hizi vijana wa Dar es Salaam wamejifunza kupiga goti. Wanapiga goti hotelini, kwenye mahafali, hata uwanjani wakati wa mapumziko, mradi awepo mtu wa kushika simu na kurekodi. Sina ugomvi nao. Ila aliyekulia Kigamboni, katika nyumba ya Kizaramo yenye babu aliye hai na mashangazi wenye sauti, anajua kwamba goti la mwanamume halijawahi kuoa mke. Anayeoa ni mshenga. Bwana harusi ni mlipaji tu.

Mwenzangu hakulijua hilo. Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, na tulijuana kwenye foleni ya pantoni, upande wa Magogoni. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, hazitoshi hata kuulizana kabila, lakini kusubiri kuvuka humpa mtu nafasi ya kusimulia maisha yake yote tangu shule ya msingi. Daraja la Nyerere lilikuwa limeshafunguliwa tangu 2016, tena liko Kurasini, na yeye kazi yake ilikuwa Kurasini hukohuko. Bado kila jioni alikuja Magogoni kupanga foleni na mimi. Nikajua huyu ama amependa, ama hajui njia.

Uchumba wetu haukuwa na makubwa. Nauli aliyonitumia kwa simu sikuila hata mara moja, jambo ambalo katika mji huu ni ucha Mungu. Basi jioni moja akanipeleka Coco Beach kula mihogo. Kiza kimeanza kuingia, mara nikamwona kapiga goti mchangani, mkono mmoja mfukoni, jasho linamtoka. Kabla sijauliza, muuza mihogo kaja mbio na tochi ya simu: "Umeangusha nini, kaka?" Wakajitokeza wengine wawili, kisha watoto, wote wakaanza kupekua mchanga. Mwenzangu anasema hajaangusha kitu, hakuna anayemsikia. Alipotoa pete mfukoni, kijana mmoja akapiga makofi: "Imepatikana!" Akaomba hela ya soda, kwa kuwa yeye ndiye aliyetafuta kwa bidii zaidi.

Nikamwambia, "Inuka, suruali inachafuka. Mshenga wako ni nani?"

Pete niliipeleka nyumbani, shangazi akasema ataniwekea. Aliniwekea kidoleni mwake, na hapo ndipo ilipokaa mpaka siku ya nikahi.

Mshenga aliyepatikana ni mzee mmoja wa Mbagala, mtu wa Tabora aliyekaa pwani miaka mingi. Alisifiwa kwamba ana maneno. Mimi naona kumchagua mshenga kwa wingi wa maneno ni kama kumchagua dereva kwa ukali wa honi, lakini mwali haulizwi. Akaja Jumapili alasiri na wenzake wawili, kanzu zimenyooka, barua ya posa ipo mfuko wa kanzu na pesa ya kufungulia barua ipo mfuko wa koti. Hodi yake haijaitikiwa, babu kashadakia kutoka barazani:

"Wanyamwezi hao! Mizigo wekeni nje! Hongo kwanza!"

Asiyejua utani angekimbilia kuita mjumbe. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walishuka na pembe za ndovu kuja pwani, wakipita Uzaramoni, na Wazaramo wakawatoza hongo ndipo wapite. Ugomvi wa njiani ukaja kuwa utani, na mtani hana adabu ya mgeni: anaweza kukuvua kofia msibani nawe usinune.

"Hongo gani?" mzee akajibu. "Babu zenu walikula shanga zetu wakatuonyesha njia ya porini. Tumekuja kuzidai." Akaingia moja kwa moja, akaketi kwenye kiti cha babu.

Basi hapo ndipo posa ilipokufa. Mimi, mama na shangazi tulikuwa chumbani nyuma ya pazia, masikio yamesimama, tunangoja kusikia "tumeona ua kwenye nyumba hii", au maneno ya namna hiyo. Tulichosikia ni babu akiuliza kama Tabora kuna chakula zaidi ya maembe na asali, na mzee akijibu kwamba Wazaramo wangekuwa matajiri kama ngoma ingeota shambani. Pilau ikaingia, wakataniana juu ya nyama. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, wakaenda msikitini wakitaniana. Wakarudi, wakanywa chai, wakaagana kwa kushikana mikono, na babu akawasindikiza mpaka barabarani akicheka peke yake.

Mama akaangalia sinia tupu. "Barua iko wapi?"

"Barua gani?" babu akauliza. Wallahi alidhani wamekuja kumtembelea yeye.

Usiku mwenzangu akapiga simu, sauti inatetemeka. "Wamesemaje?"

"Wamesema mnapenda kula."

"Na posa?"

"Posa imerudi Mbagala."

Kesho yake kanzu ya mshenga ikaenda kwa dobi, barua ikiwa mfukoni. Ilirudi imefuliwa na kupigwa pasi, nyeupe kuliko kanzu, limesalia neno "Wasalaam" peke yake. Pesa ilipona kwa kuwa koti la mzee huwa halifuliwi.

Safari ya pili ilikuja na barua mpya, na kabla haijafunguliwa babu akatangaza faini ya mbuzi kwa kosa la kufua posa. Wakaikubali. Likaja suala la mahari, ambayo Kiislamu ni haki ya bibi harusi, hivyo shangazi akaingia chumbani kuniuliza. "Sema, lakini usituaibishe kwa udogo." Nikataja msahafu na cherehani. Alipofika ukumbini nikamsikia kwa masikio yangu akitaja msahafu, cherehani ya umeme, kitanda cha sita kwa sita, kabati na godoro. Bado kilemba cha baba na mkaja wa mama.

Mjomba wangu, karani mstaafu wa mahakama, akakohoa. Akasema Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu mahari haikulipwa. Shangazi akamtazama mpaka akarekebisha maelezo: sheria hiyohiyo inaruhusu mchumba aliyevunja ahadi ya ndoa kudaiwa fidia mahakamani. Wageni wakatazamana, wakakubali orodha nzima bila kupunguza hata godoro.

Muda wote huo mwenye kuoa alikuwa ng'ambo, Magogoni, anakula karanga na kutazama simu. Hakuna aliyekumbuka kumpigia. Habari kwamba amekubaliwa aliipata kwa kondakta wa daladala, jirani yetu.

Tumeoana, tuna watoto, cherehani inafanya kazi. Babu ni mzima, na mbuzi wake hajalipwa mpaka leo. Msomaji, kama yule mzee wa Mbagala ni jamaa yako, mkumbushe. Barazani kwetu anaulizwa kila Jumapili.