Bingwa wa Mila za Wenzetu

Njombe hatukosi mabingwa wa mila za Kihindi. Kijana akipata nafasi ya kusoma Chennai, bingwa humwonya: “Mwanangu, utateseka. Vyakula vyao havizoeleki, na eti wanakula kwa mkono!” Anayasema hayo akimega chapati kwa mkono, chai ya maziwa na tangawizi mbele yake, sambusa ikingoja zamu, na tamthilia ya Kihindi iliyotiwa sauti za Kiswahili ikiendelea runingani.

Siku ya safari anamsindikiza hadi stendi ya Makambako, njia panda ya Mbeya na Songea, na kumkabidhi mfuko wa unga wa mahindi asife njaa ugenini. Mahindi nayo asili yake ni Amerika, lakini bingwa tusimwambie: atasusa hata ugali.