Sifa za Tela la Kukodi

Jahazi limeshasifiwa, ngamia naye kasifiwa. Tela la kukodi la kubebea gari halijapata wa kulitetea, na leo nalitetea mimi, niliyelivuta kutoka Houston hadi Dallas nikafika na akili zangu karibu zote.

Kwanza lina nasaba. Mwaka 1945 Leonard Shoen na mkewe Anna Mary walikuwa wanahama, wakatafuta tela la kukodi la safari ya kwenda tu, wasilazimike kulirudisha walikolitoa. Wakalikosa. Wakatia dola 5,000 wakaanzisha U-Haul katika jimbo la Washington. Langu lilitoka kwa watu wengine, lakini ukoo ni uleule wa wahamaji. Nami nilikuwa nahama: magari mawili, dereva mmoja, mama watoto ameshatangulia.

Sifa yake kubwa ni kwamba halidanganyiki katika mizani. Likiwa tupu lina kilo 1,002. Corolla yangu ya zamani ina kilo 1,240. Highlander, gari la juu ninalojivunia mbele ya mashemeji, mwisho wake ni kuvuta kilo 2,268. Toa, jumlisha: zinabaki kilo 26. Na Corolla nilikuwa nimeshaijaza kama kabati! Nikatoa vitabu, masufuria, magunia mawili ya nguo. Mwisho kikatoka kinu cha mke wangu, cha mti mzito kilichovuka bahari kutoka Morogoro. Kinu hicho kilisafiri kiti cha mbele cha Highlander, kimefungwa mkanda, na sijawahi kupata abiria mtulivu kuliko yeye.

Kisha tazama adabu yake. Gari hupandishwa juu ya tela pua ikiwa mbele, kwa sababu injini iko huko, na uzito mkubwa unatakiwa uelekee gari linalovuta. Ukipakia kinyume, mkia unakuwa mzito na tela linaanza kucheza ngoma barabarani. Madigadi ya upande wa dereva hulala chini ili mlango ufunguke nawe ushuke. Minyororo miwili hupishanishwa chini ya shingo ya tela, wa kushoto kwenda kulia na wa kulia kwenda kushoto, ili shingo ikichomoka iangukie juu yake badala ya kuchimba lami. Hata breki zake ni za kipekee: ukipunguza mwendo, tela linakusukuma kwa nyuma, na msukumo huohuo ndio unaobana breki zake. Yaani linajizuia kwa kadiri linavyokuudhi. Wangapi kati yetu wanaweza?

Lakini uungwana wake hasa umo katika kurudi nyuma. Ukikata usukani kulia, lenyewe linakwenda kushoto. Ukizidi kukata kulia, linajikunja mpaka kona ya tela inakaribia kulibusu bampa. Kwenye uwanja mmoja nilijaribu mara saba. Wakatokea watazamaji, mmoja na kahawa yake. Mara ya nane mzee mwenye kofia pana akaja dirishani, hakusema neno, akaushika mkono wangu kama wa mtoto anayefundishwa kuandika, akaushusha hadi chini kabisa ya usukani. “Sasa,” akasema, “tela litakwenda unakokwenda mkono.” Likaenda. Nina miaka ishirini na mbili ya leseni, na siku hiyo ndiyo niliyofundishwa kushika usukani.

Kibandiko kilisema nisizidi maili 55 kwa saa, kama kilomita 88. Wenzangu kwenye barabara ya I-45 waliruhusiwa 75, nao hawakuridhika na hizo. Ndiyo maana nakuambia tela ni mwongoza watalii. Pale Huntsville kuna sanamu nyeupe ya Sam Houston, futi 67 juu ya kitako chake. Wengine huiona kwa kufumba na kufumbua. Mimi niliitazama mpaka nikahisi nayo imeanza kunitazama. Hapohapo likapita lori refu. Upepo wake ukatusukuma pembeni, ulipokwisha ukatuvuta tena, na tela likaanza kuyumba. Guu likatoka kwenye mafuta, usukani nikaushika sawa, breki sikuigusa. Likatulia. Kinu hakikusema kitu.

Inayokunywa petroli ni Highlander, nalo tela linasingiziwa. Tuyaache. Lilinishusha Buc-ee’s ya Madisonville, kituo cha mafuta kipana kiasi kwamba mtu mwenye tela anaingia na kutoka bila kujua kurudi nyuma, na hapo nilizungumza na watu wasiowatania wageni: wote walikuwa na matela. Salamu zao ni moja. Wanaangalia kwanza minyororo yako, halafu uso wako.

Niliingia Dallas jioni, nimechoka, sina mkwaruzo hata mmoja. Tela nikalirudisha usiku uleule ili nisilipie siku ya pili. Asubuhi yake Corolla ikakataa kuwaka.