Ukuta Mmoja Tu

Kuna maneno mawili ambayo yakitamkwa nyumbani kwangu baada ya chakula cha usiku, mimi hujifanya nimesinzia. La kwanza ni "rahisi". La pili ni "tu". Yakija kwa pamoja, kama yalivyokuja Jumatano moja ya mwezi wa kwanza, hata kukoroma hakusaidii.

"Baba Nuru," alisema Mama Nuru huku akinisogezea simu puani, "ni ukuta mmoja tu. Kazi rahisi."

Ndani ya simu alikuwamo dada mmoja wa Marekani. Amevaa suruali nyeupe, nywele kazibana kwa penseli, anapaka ukuta wa sebule rangi ya kijani. Rola inateleza, muziki unapigwa. Dakika moja na sekunde ishirini, kazi kwisha, na ile suruali bado nyeupe. Halafu anaingia jikoni, anakatakata matango, anayachanganya na tambi za baridi na ndimu, watoto wake wanakuja mbio wanacheka. Mimi sijawahi kuona mtoto anaichekea tambi ya baridi. Mama Nuru akanieleza kwamba hayo ni mambo mepesi ya msimu wa joto kwa familia zenye shughuli nyingi, nyumba inapendeza na watu wanakula bila kuhangaika.

Nikauliza: msimu wa joto wa nani?

Kwao joto ni Juni hadi Agosti, na shule zimefungwa. Miezi hiyo sisi Dar es Salaam tunapulizwa na kusi, usiku tunagombania shuka. Joto letu linaletwa na kaskazi, Desemba mpaka Machi, na katikati yake kajikalia Januari, mwezi wa ada, sare, madaftari na viatu ambavyo mwezi wa kumi na moja vilikuwa vinatosha. Wenzake yule dada wanalisubiri jua mwaka mzima kama sisi tunavyosubiri mshahara, na wakilikosa wanapanda ndege kuja kulilipia Zanzibar. Sisi tunapewa bure, tunalikimbilia chini ya mwembe, na bado linatufuata.

Kuhusu shughuli nyingi, hapo sina ubishi. Tunakaa mbele ya Kimara. Saa kumi na moja alfajiri tumeshatoka, saa mbili usiku ndiyo tunarudi, na katikati ya wiki watoto wanatujua kwa sauti zaidi kuliko kwa sura. Jumamosi ni za vikao vya harusi, Jumapili ni za misiba. Wiki ile haikuwa na kikao wala msiba, jambo ambalo lilipaswa kunitia shaka mapema.

Sasa, kama mtu anataka kuitengeneza nyumba yangu kwa ajili ya joto, mimi ningemwonyesha pa kuanzia. Wakati tunajenga nilifuata mtindo, nikaweka madirisha ya alminiamu ya kuteleza. Hakuna aliyeniambia kwamba dirisha la kuteleza hufunguka nusu. Ukivuta kioo cha kushoto kinakwenda kukaa mbele ya kile cha kulia, ukivuta cha kulia kinakwenda kushoto. Nimelipia dirisha zima, napata upepo wa nusu dirisha, kila siku, kwa maisha yangu yote. Nyumba ya bibi yangu Pangani ilikuwa na kuta nene za mawe na chokaa, madirisha ya mbao yanafunguka mbao zote mbili, na jiko liko uani, moto unapeleka joto lake mbinguni. Jiko langu mimi liko katikati ya nyumba, limepakana na sebule, ili mgeni akiingia ajue tumeendelea. Juu kuna bati. Ikifika saa nane mchana, feni ya sebuleni kazi yake inakuwa moja: kugawa joto kwa haki, asikose mtu.

Ila simu haikusema dirisha. Ilisema ukuta.

Jumamosi asubuhi nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, ambako muuzaji aliniuliza maswali ambayo hata siku ya ndoa sikuulizwa. Ndani au nje? Maji au mafuta? Inayong'aa au isiyong'aa? Kijani namba ngapi? Nilikuwa na maelekezo ya Mama Nuru, "mchaichai ulioanza kukauka", nikayasoma kama yalivyo. Kijana akanitazama, akabonyeza mashine yake, ikatetemesha kopo dakika mbili, akanikabidhi. Hesabu nilizifanya mwenyewe na bado najivunia: ukuta ni mita nne kwa tatu, mita za mraba 12. Lita moja inafunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili, karibu lita mbili na nusu. Kopo ni la lita nne. Kwa hiyo tangu dukani nilijua nitabaki na lita moja na nusu ya mchaichai ulioanza kukauka.

Kilichoniumiza ni vile ambavyo yule dada hakuvitaja. Tepu ya kuzuia rangi isivuke mpaka. Brashi ndogo ya konani. Msasa. Sinia la rola. Nailoni ya kutandika chini. Msasa niliurudisha kwenye rafu, nikasema ukuta wenyewe ni laini, wa nini. Kumbuka hapo.

Kisha kulihamisha kabati la televisheni. Kabati hilo fundi seremala alilijengea mle mle sebuleni, na nina hakika hakukusudia litoke. Nyuma yake tulikuta rimoti tuliyoituhumu familia nzima kuiiba, sarafu tatu za mia mbili, andazi lililokuwa limegeuka jiwe, na mjusi aliyetutazama kama wapangaji tusiolipa kodi. Makochi tukayasukumia jikoni. Saa sita mkono wa kwanza ulikuwa umekaa ukutani, umetulia, unapendeza. Nikaupiga picha nikaitupa kwenye kundi la ukoo. Shemeji akaandika "hongera fundi". Saa kumi nikapiga mkono wa pili. Usiku ule nililala naumwa mgongo lakini nikiwa na cheo.

Jumapili asubuhi nikaenda kubandua tepu. Nilianza kona ya juu, taratibu, kama inavyoshauriwa. Tepu ikaja. Na rangi nayo ikaja, haikuja kidogo, ilikuja shuka zima, inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini yake ukuta wa zamani unang'aa wa maziwa, haukuguswa, haukushangaa. Ile ya chini ilikuwa rangi ya mafuta. Rangi ya maji haiwezi kushika juu ya rangi ya mafuta mpaka uukwangue ule mng'ao kwa msasa, upige praima, ndipo uendelee. Jambo hili analijua kila mpaka rangi kuanzia Mbagala hadi Bunju. Alilijua na yule kijana wa dukani, ndiyo maana alinitazama nilipourudisha msasa.

Tukamwita fundi. Fundi hakutusalimia sisi kwanza, aliusalimia ukuta. Aliugonga kwa kidole, akavuta kipande, akatingisha kichwa, akauliza swali ambalo mafundi wote hufundishwa siku ya kwanza ya kazi:

"Mzee, nani alikupigia hii?"

"Kuna fundi mmoja hivi," nikajibu. "Hata sijui alikotokea."

Mama Nuru akakohoa.

"Na hii ya mafuta chini yake? Sebuleni nani anapiga mafuta?"

Ile nilipiga mimi pia, wakati Nuru anajifunza kutembea, ili alama za mikono zifutike kwa kitambaa. "Huyo huyo," nikasema.

"Huyo mtu," fundi akasema kwa huruma, "usimrudie tena."

Sasa tuje kwenye chakula, maana siku nzima ile makochi yalikuwa bado yako jikoni na kulifikia jiko ilibidi uwaruke watu. Mama Nuru hakubabaika. Alikuwa na tambi za baridi za kwenye simu. Akazichemsha usiku, akazilaza kwenye friji, mchana akazitoa, matango juu, ndimu juu. Nuru akalitazama bakuli, akauliza, "Mama, gesi imeisha?" Kwa mtoto wa kwetu chakula cha baridi hakina maelezo mengine. Mdogo wake akajitolea kukipasha. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kutusalimia kwa wiki mbili na sasa anaingia mwezi wa tatu, akageuza uma mara moja, akaniuliza kwa upole: "Baba, hiki kimeshaiva au tunakisubiri?"

Mimi siupingi upishi mwepesi wa wakati wa joto. Ninachopinga ni kufundishwa na mtu ambaye joto lake ni la miezi mitatu. Huku pwani watu waliumaliza upishi huo kabla simu haijazaliwa. Kachumbari ni nini, kama si hicho? Kitunguu unakivuruga na chumvi, unakiosha ukali utoke, unatia nyanya, pilipili, ndimu, na Januari kama hii unaongeza embe bichi lililokatwa vipande vyembamba. Dagaa ukiwakaanga wakakauka vizuri, hawaidai friji. Mihogo au viazi vitamu unachemsha alfajiri, jua kabla halijaota meno, mchana mtu anajichotea. Ukwaju unaloweka, unachuja, unatia sukari. Madafu hayapikwi kabisa. Na sheria ya mama mkwe, ambayo haina rufaa: msimu huu chakula cha nazi hakilali, kwa sababu tui likikesha kwenye joto asubuhi limechacha, utalimwaga huku unalia.

Nilikuwa naendelea kuhutubia hivyo pale mama mkwe alipoinuka.

"Basi mimi nitawapikia kitu rahisi," akasema. "Mihogo ya nazi. Baba Nuru, mwanangu, nikunie nazi tatu tu."

Mmesikia. Rahisi. Tu. Nilikuwa nadhani ugonjwa huu uko kwenye simu, kumbe uko kwenye ukoo.

Zamani mkwe hakutakiwa hata kuonekana akitafuna mbele ya mama mkwe wake. Mimi nilikaa juu ya mbuzi, mbele yake, saa saba mchana, nimevaa bukta, nyusi zina rangi ya mchaichai. Nazi ya kwanza nilijikuna kidole. Nazi ya pili nikaambiwa nakuna mpaka kifuu, tui litaingia weusi. Ya tatu ilikuwa imeoza, ikabidi mtoto akimbie dukani. Yule dada wa Marekani, nakumbushia, alikatakata matango.

Tui la kwanza, lile zito, likawekwa pembeni. Tui la pili likachemsha mihogo. Hapo gesi ikaisha, mtungi wa kilo sita, siku ya Jumapili kama kawaida yake. Serikali inataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi, na mimi nimeshakubali kwa moyo wote, mtungi ndio haujakubali. Tukawasha mkaa nje, chini ya mwembe. Tui la kwanza likamiminwa mwishoni, moto mdogo, na hapo ndipo penye kazi: ukiacha kukoroga linakatika, mafuta huku, maji kule, na mchuzi unakuwa kama maziwa yaliyogombana. "Koroga, usiache," mama mkwe akaniambia, akanipa mwiko, akaenda kukaa kivulini na mkeka wake. Nikakoroga. Ndipo nilipopata tafsiri kamili ya neno rahisi katika nyumba yangu: maana yake kazi ataifanya Baba Nuru.

Mihogo ilikuwa mitamu mno, na sikusema. Watoto walirudia mara mbili. Hata Mama Nuru alikula, kisha akapiga picha, na nadhani sasa hivi kuna mtu huko Marekani anaambiwa jambo hilo ni rahisi.

Fundi alitumia siku mbili. Msasa, praima, mikono miwili ya kopo jipya juu yake, na gharama ambayo nikiitaja hapa mhariri ataomba nimkopeshe. Ukuta umetoka mzuri, siwezi kudanganya. Umetoka mzuri kiasi kwamba kuta nyingine tatu, ambazo hazikuwa na kosa lolote, zinaonekana kama za kituo cha zamani cha mabasi. Mama Nuru ameshaanza kuzitazama. Juzi nilimsikia akinong'ona "kuta tatu tu", nikasinzia papo hapo nikiwa nimesimama.

Halafu kabati lile la televisheni tukalirudisha mahali pake, kwa sababu hakuna pengine linapoenea. Linauficha ukuta wote isipokuwa nusu mita huku na nusu mita kule, na kipande kidogo juu ambacho anakiona mjusi.

Lita yangu moja na nusu imebaki kama nilivyopiga hesabu. Anayeihitaji aje kuichukua, bure, ila aje na chombo chake. Kopo mama mkwe ameshalisemea, analitaka la kuwekea maharage.