Namna ya Kumpenda Mchoraji kwa Kurasa 200

Mwanasheria ndani ya riwaya ya mapenzi anachosha kabla hajafungua faili. Daktari ananuka dawa, mwalimu ana chaki kwenye kola, na mfanyabiashara ana simu tatu ambazo zote zinaita. Mchoraji peke yake ndiye anayeweza kukaa kimya kurasa kumi, na msomaji akaamini kwamba anawaza jambo zito. Kwa hiyo, ndugu mwandishi, ukitaka riwaya yako isomwe saluni na kwenye basi la mkoani, mtafute mchoraji umpe mapenzi. Hatua zenyewe ni hizi. Mimi nimezifuata zote, na miswada iliyo chini ya kitanda changu ni shahidi.

Hatua ya kwanza: Mchague anayefaa

Si kila ashikaye brashi ni msanii. Yule fundi aliyechora vichwa vinne vya mitindo ya nywele ukutani kwa kinyozi, akaandika na "Karibu Mteja" kwa herufi zilizonyooka kuliko rula, hafai. Bei yake inajulikana, na shujaa wako hatakiwi kuwa na bei. Mchongaji naye mwache: vumbi la mpingo humkohoza, na busu halipendezi kikohozi kikiingilia kati.

Mpe mchoraji wako vidole virefu, ndevu za siku tatu na shati jeupe lenye doa la rangi. Doa liwe moja, na liwe la buluu. Mchoraji wa kweli ana rangi kwenye kiwiko, kwenye ndala na nyuma ya sikio, lakini hiyo si habari ya msomaji wako. Doa moja ni mapenzi. Madoa arobaini ni kazi.

Hatua ya pili: Mpe umaskini unaopendeza

Shujaa awe maskini, ila umaskini wake uwe na dirisha linalotazama bahari. Ale embe, asile ugali wa jana. Na kwa hali yoyote ile, usimtaje Mangi wa dukani wala daftari lake la madeni. Daftari hilo limeua riwaya nyingi kuliko wahakiki.

Jifunze kwa walioandika juu ya Johannes Vermeer, mchoraji wa Delft, Uholanzi. Mwaka 1999 Tracy Chevalier alitoa riwaya inayohusu picha yake ya msichana mwenye hereni ya lulu. Msichana huyo hakuna anayejua alikuwa nani, na hapo ndipo utamu ulipo: asiyejulikana hana ndugu wa kulalamika. Mwandishi akamfanya mtumishi wa ndani, akaweka ukimya na macho yanayokutana juu ya rangi, na dunia ikanunua kitabu.

Sasa mtazame anayejulikana. Vermeer alifariki Desemba 1675, akamwachia mkewe, Catharina Bolnes, watoto 11 na madeni. Mwezi uliofuata mama huyo alimkabidhi mwoka mikate picha mbili za marehemu kwa ajili ya deni la mkate la zaidi ya gilda 600. Hata Delft, kumbe, Mangi alikuwa na daftari. Mwanamke aliyezaa watoto wote hao, akajua mkate unatoka wapi na unadaiwa kiasi gani, si wa kupewa kurasa 200. Mpe sentensi mbili, na moja awe amenuna.

Hatua ya tatu: Rangi ikauke haraka

Kwenye riwaya, picha huanza saa mbili usiku na kukamilika alfajiri, majogoo wakiwika. Usihangaike kuuliza inawezekanaje. Mimi nilihangaika, na nilijutia.

Nilikwenda Oysterbay, Dar es Salaam, pale Morogoro Stores, kwa wachoraji wa Tingatinga. Staili hiyo ilianzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa vibao vya mraba na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ile iliyokuwa ikipakwa baiskeli. Nilitaka kuiona ile hali inayomshika msanii. Nikamkuta kijana ameinama juu ya kanga, anamtia vidoa vyeupe kimoja kimoja kwa ncha ya brashi. Alikuwa amefika kwenye bawa.

"Kaka," nikamwuliza, daftari mkononi, "nini hasa kinachokusukuma kuchora?"

Akatia vidoa vingine vitatu. "Kodi, mzee."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Hakucheka. "Na wewe je, mzee? Nini kinakusukuma kuandika?"

Nikamtazama kanga. Kanga hakunisaidia.

Nilichojifunza siku ile hakifai kabisa kwenye riwaya. Kwanza hupakwa anga, kisha husubiriwa. Ukimchora chui juu ya anga bichi, chui huingia angani na harudi. Basi anayetaka kula hachori picha moja. Hupanga vibao sita, na cha kwanza kikikauka yeye yuko kwenye cha nne. Tembo aliyependwa na mteja wiki iliyopita atarudi wiki hii, na mwanafunzi atajifunza kwa kumnakili tembo huyo huyo. Riwaya inataka picha moja isiyo na mfano wake. Kodi inataka tembo sita.

Hatua ya nne: Amchore mpenzi wake

Bila tukio hili hakuna kitabu. Rehema, binti wa tajiri wa Masaki, akae kitini. Mchoraji amtazame. Kimya. Feni izunguke. Mwishowe ageuze picha, Rehema ajione jinsi ambavyo hajawahi kujiona, na chozi limtoke.

Tatizo pekee ni kwamba shujaa wangu nilikwishamfanya wa Tingatinga, na huko wanyama ndio wenye nyumba. Rasimu ya kwanza, Rehema alitokea katikati ya twiga wawili, shingo zote tatu zikilingana urefu. Rasimu ya pili akawa chui mwenye macho yake. Chozi lilitoka, lakini si la mapenzi. Nikaamua shujaa awe amesomea Ulaya.

Hapo ukiulizwa juu ya Tingatinga mwenyewe, pita haraka. Alichora kwa miaka michache tu. Mwaka 1972 polisi wa Dar es Salaam walimpiga risasi akafa, wakimdhania mhalifu anayekimbia. Riwaya ya mapenzi inajua kifo cha kifua kikuu, chenye shuka jeupe na maneno ya mwisho. Kifo cha kufananishwa hakina pa kuwekwa.

Hatua ya tano: Msanii asiwe mwanamke

Akiwa mwanamke, mambo yanaharibika. Chukua Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu vya udongo akivinadi njiani, sauti ikakomaa kwa kunadi. Alihamia mjini, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo kwenye santuri. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Maisha hayo yana safari, umaskini, kipaji na sifa. Kila kitu riwaya inachokitaka. Lakini mwanamume utamweka wapi? Akae kitini, feni izunguke, amsubiri Siti amalize wimbo? Msomaji ataona kazubaa. Ajabu ni kwamba mwanamke akikaa hivyo hivyo, tunamwita chemchemi ya sanaa.

Hatua ya sita: Malizia na harusi

Harusi ifuate maonyesho. Picha zote zinunuliwe, baba wa Rehema afute machozi kwa leso, na wapenzi watoke mkono kwa mkono.

Usimwige Auguste Rodin, mchongaji wa Ufaransa. Yeye alikutana na Rose Beuret, mshonaji, mwaka 1864. Rose alimzalia mtoto, akamtunzia nyumba, na Rodin akiwa mbali ndiye aliyelowanisha vitambaa vya kufunika sanamu za udongo zisikauke zikapasuka. Mapenzi yanayoandikwa vitabuni, Rodin aliyafanya na Camille Claudel, mchongaji mwenzake. Rose alifungiwa ndoa Januari 1917, baada ya miaka 53. Februari akafariki. Uchumba wa namna hiyo hauna mhariri wa kuupitisha.

Najua, maana nilijaribu. Siku ile ile Morogoro Stores wingu lilitanda ghafla. Vibao sita vilikuwa vimeanikwa nje. Mama mmoja aliyekuwa akipakua wali akaacha upawa, akaenda mbio, akaviinua kimoja kimoja kwa ncha za vidole, akishika kingo tu, bila kugusa rangi. Yule kijana wa kanga hakuinua hata kichwa.

"Tembo bado mbichi," alisema.

"Nimemwona," mama akajibu, na tone la kwanza likaanguka.

Nikaandika tukio hilo lilivyokuwa, nikalifanya sura ya mwisho. Mhariri akalizungushia wino mwekundu, akaandika pembeni: "Mapenzi yako wapi?"

Nimeitoa sura hiyo. Mahali pake nimeweka machweo, na Rehema amesimama dirishani na doa moja la buluu shavuni. Mvua hainyeshi mahali popote katika riwaya yangu, nimehakikisha. Ingenyesha, nani angeingiza picha ndani?