Goti Moja, Madaktari Kumi

Mama mwenye nyumba yangu, kila Jumamosi anapokwenda kwenye kikoba chake, huniachia maagizo matatu: maharage yasiungue, nguo zianuliwe wingu likijikunja, na mtoto aangaliwe. Maharage nayaweza. Nguo, inategemea na wingu lenyewe. Kwenye mtoto ndiko tunakogombania tafsiri ya neno "kuangalia". Yeye anataka macho yote mawili. Mimi siku hiyo nilikuwa nimetoa moja, kwa sababu la pili lilikuwa na kazi kwenye drafti chini ya mwembe. Nilikuwa na kingi mbili, na mpinzani wangu, fundi pikipiki wa mtaani, alikuwa ameshaanza kujikuna kisogo.

Binti yangu ana miaka mitano. Walikuwa wanacheza kombolela barabarani, maana pa kuchezea pengine hapapo. Kiwanja tulichokipigia chandimu enzi zetu kimeota fremu za maduka: nne zinauza vitu vilevile, ya tano haijafunguliwa tangu ijengwe. Basi watoto wanagawana njia na bodaboda, na mbuzi wa jirani, na lundo la kokoto na matofali la bwana mmoja ambaye anajenga tangu mwanangu hajazaliwa. Wenzake wote walikuwa wameshakamatwa. Kabaki yeye, mdogo kuliko wote. Akachomoka nyuma ya lundo, mbio kwenda kulipiga teke kopo awakomboe, na tofali moja likampiga ngwala katikati ya ukombozi.

Hakulia. Nasema hivi chini ya kiapo. Alianguka, akakaa, akalitazama goti kama mtu anayesoma bili ya umeme. Akageuka kushoto: hakuna mtu. Akageuka kulia: akaniona mimi nimesimama, kete mkononi, nimetoa macho kama fundi saa. Hapo ndipo kilio kilipopata kibali. Ningekuwa na akili ningeinamisha kichwa kwenye drafti, na mambo yangeishia palepale. Lakini nilishapiga kelele, "Mama yangu!" na mtaa mzima ukasikia.

Wakaja. Mtaa wetu ukiitwa kuzibua mtaro hauna watu, ila ukisikia mtoto analia wanatoka mpaka wapangaji ambao sijawahi kuwaona. Na kila anayefika anatoa pole. Sasa, sisi nyumbani tumemfundisha mtoto adabu: ukipewa pole, jibu asante. Kwa hiyo ikawa hivi:

"Pole, mama."

"Asante. Aaaaa!"

"Pole sana, mjukuu wangu."

"Asante, shikamoo. Aaaaa!"

Alikuwa anafunga kilio, anajibu, anakifungua tena pale pale alipokiachia. Nikahesabu pole kumi na moja. Bila hizo pole angekuwa ameshanyamaza na kurudi kwenye kopo lake.

Bibi wa nyumba ya pili akaanza na mahakama. "Limekuumiza hili? Ngoja tulipige!" Akanivua ndala mguuni bila kuomba, akalicharaza tofali viboko vya haki. Tofali halikupata hata alama. Ndala ikakatika ukanda.

Baada ya hukumu, kikafuata kikao cha madaktari. Na hapa niseme ukubwa wa jeraha, ili msomaji asidhani tulikuwa na mgonjwa wa kulazwa: ngozi ilichubuka upana wa sarafu ya shilingi 200, na damu iliyotoka isingetosha kumshibisha mbu mwenye familia.

Fundi pikipiki alipendekeza petroli, kwa hoja kwamba hajawahi kuona mdudu akiishi ndani ya petroli. Bibi alitaka majivu, na kama hayapo basi utando wa buibui, na mara moja akatumwa kijana kwenda kumtafuta buibui chooni. Mama ntilie akasema chumvi. Kijana wa kibanda cha chipsi akasema dawa ya meno, akakumbushwa kwamba hiyo ni ya walioungua moto, ambao nao manesi huwakataza kila siku. Mzee mmoja mstaafu akatoa mfukoni kidonge cha rangi mbili, ametembea nacho tangu lini Mungu anajua, akataka akifungue amwagie ule unga kwenye kidonda. Nikamshika mkono kwa heshima zote. Dawa zile zina cheti chake na dozi yake; tukizinyunyiza ovyo kama pilipili kwenye embe, tunawafundisha vimelea ukaidi, mpaka siku tunapozihitaji kweli zinagoma kufanya kazi. Mzee akanijibu kwamba yeye amepona nazo miaka thelathini. Sikumuuliza anaumwa nini muda wote huo.

Simu ikaita. Habari zilikuwa zimeshafika kwenye kikoba.

"Mtoto kaanguka?"

"Kidogo tu, goti."

"Umeosha kwa maji na sabuni?"

Nikawatazama madaktari wangu. Petroli ipo, majivu yamefika, buibui yuko njiani.

"Bado tunajadili," nikasema.

Kikafuata kimya cha aina ile ambayo mwanamume aliyeoa anaifahamu. Ni kweli, katika watu wote wale hakuna aliyetaja maji. Maji hayampi mtu heshima ya utaalamu. Isitoshe, bomba letu lilikuwa kavu tangu Alhamisi. Nikaingia ndani nikachukua maji ya kunywa, yale yaliyochemshwa na ambayo sisi wenyewe huwa tunayanywa kwa kipimo, nikanawa mikono, nikaanza kummiminia taratibu huku simu iko kwenye spika juu ya kigoda. Vipande viwili vya kokoto vikatoka. Sabuni kidogo pembeni ya kidonda. Kitambaa safi, nikakandamiza. Mtoto akakunja uso, nami kwa huruma ya mzazi nikainama ili nipulize.

"Usipulize!" simu ikafoka. "Mdomo wako una wadudu kuliko hilo tofali!"

Mpaka leo sijui alijuaje. Anasema alisikia ninavyovuta pumzi.

Nikaenda duka la dawa, mguu mmoja na ndala, mwingine peku. Dada wa pale hakuuliza bei ninayoiweza, aliuliza kadi ya kliniki: "Chanjo alimaliza?" Ilibidi nirudi nyumbani nikapekue, nikaikuta kwenye bahasha moja na risiti ya jokofu. Zote tatu zimepigwa tarehe, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ndani ya sindano zile imo kinga ya pepopunda. Ugonjwa huo jina lake tu, lenye pepo na punda kwa pamoja, linatosha kumnyima mtu usingizi, na wadudu wake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, bidhaa mbili ambazo mtaani kwetu hazijawahi kuadimika. Dada akaniambia kidonda kingekuwa kirefu au kichafu angetutuma zahanati. Kwa mchubuko uliooshwa vizuri, nifunike na niangalie kama kutakuwa na uvimbe, usaha au homa. Neno "niangalie" tena. Nikanunua plasta mbili, moja ya akiba.

Nilipombandika, mgonjwa alisimama, akatembea hatua mbili za kuchechemea kwa ajili ya mashabiki, ya tatu akasahau, ya nne akakimbia. Nyuma yake ikajipanga foleni ya watoto wanne wazima kabisa wanaotaka plasta. Nikawafukuza. Kijana akarudi na buibui, akakuta kikao kimeshavunjika.

Jioni natafuta ile plasta ya akiba siioni. Nikatoka nje na tochi ya simu, nikaikuta imebandikwa kwenye tofali, imenyooka vizuri, hata kuliko niliyobandika mimi.

"Mwanangu, hii ni nini?"

"Bibi alilipiga sana na ndala, baba. Nikalipa pole." Akalitazama kwa kununa. "Halijasema asante."

Nikakosa la kusema. Nimepoteza ndala, maji ya kunywa na plasta, na maharage yalikuwa yameshaanza kunuka tangu tukiwa kwenye hoja ya petroli. Nikamshika mkono tukaenda mwembeni, walau nimalizie ushindi wangu. Drafti ilikuwa palepale, fundi yuko palepale, anatabasamu. Kingi zangu mbili hazikuwepo. Anadai alizila kihalali nikiwa duka la dawa.

"Pole, jirani," akasema.

Nilikuwa na majibu matatu, yote yanamfaa. Lakini mtoto alikuwa ananiangalia, kwa macho yote mawili.

"Asante," nikajibu.