Kibanja Hakina Mlango

Kamachumu ni mji mdogo wa wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, uliokaa juu ya uwanda ulioinuka magharibi mwa Ziwa Victoria. Barabara ya huko huiacha ile kuu itokayo Bukoba pale Muhutwe, ikapanda hadi Kamachumu, kisha ikateremka kwenda Muleba. Abiria aliyeketi dirishani huona maduka, makanisa, shule, na baada ya hapo migomba. Nyumba hazionekani. Zimo humo humo migombani, kila moja katikati ya kibanja chake, na moshi wa jikoni ndio unaotangaza kwamba kuna watu.

Kibanja ni shamba na makazi kwa pamoja. Juu kuna migomba, chini ya kivuli chake mibuni, na chini zaidi maharage, magimbi na maboga yanayotambaa popote yatakapo. Miti michache mirefu husimama hapa na pale, na pembeni mwa nyumba wamelala mababu makaburini. Familia huzaliwa hapo, hulima hapo, hula hapo na huzikwa hapo. Mwingereza Ebenezer Howard aliandika kitabu mwaka 1898 akihimiza watu watolewe katika msongamano wa miji wakaishi kati ya bustani, na mwaka 1903 mji wa Letchworth ukaanza kujengwa kwa fikra hizo. Wahaya, wenyeji wa Kamachumu, walikuwa wameshahamia bustanini zamani, ila bila ramani. Kukosekana kwa ramani ndiko kunakomtesa mgeni.

Na wageni hawakosi. Ndolage kuna hospitali ya Walutheri. Rutabo ilikuwa makao ya jimbo Katoliki kuanzia 1953 hadi 1960, chini ya askofu Laurean Rugambwa, mzaliwa wa huko huko, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufikia cheo hicho. Kwa hiyo kila mwaka kuna anayekuja kuuguza, kuozesha, kuzika au kushuhudia upadrisho, naye huelekezwa kwa simu kwamba akifika kwenye migomba mikubwa akate kushoto. Akifika huikuta migomba mikubwa pande zote nne. Akipiga tena, mwenyeji humwambia ni hapo tu.

Hapo tu hufikiwa kwa kijia, na kijia cha Kamachumu hakijui mpaka wa mtu. Hupita mbele ya jiko la familia ya kwanza, nyuma ya choo cha ya pili, na kati ya kaburi na zizi la ya tatu. Katika kila ua kuna mtu mzima aliyekaa akimenya ndizi, na mtu mzima hapitwi kimya. Dereva wa bodaboda anayejiheshimu hupunguza mwendo, huzima pikipiki na kusalimu: “Kasinge, waitu.” Huitikiwa, huulizwa habari za mama yake, huulizwa aliyembeba ni nani, mtoto wa nani, na ule mguu wa shangazi yake umeponaje. Abiria wa nyuma hujibu akiwa ameshika kofia ngumu mkononi na kuku mapajani. Safari ambayo ingemalizika kabla injini haijapata moto huchukua nusu saa, na habari za mgeni humtangulia. Akitokeza mwisho wa kijia humkuta mwenyeji ameshasimama uani, anajua amekuja na kuku wa rangi gani, na sufuria la maji ya kumnyonyolea limeshatengwa jikoni.

Hili ndilo jambo ambalo wasifiaji wa mandhari nzuri hulisahau. Migomba huificha nyumba isionekane barabarani, lakini haimfichi aliyemo. Jani la mgomba halizuii sauti, na ugomvi wa mke na mume ulioanza saa mbili usiku huwa na wasuluhishi watatu kabla ya saa tatu, mmoja wao akiwa na taulo kiunoni.

Mipaka ya vibanja huwekwa kwa kupanda mlamula, mti mwembamba wenye majani marefu yaliyochongoka. Mlamula una sifa mbili: haufi upesi, na kijiti chake kikichomekwa popote huota. Sifa ya pili imewapa mabaraza ya wazee kazi isiyoisha. Mwenye tamaa akiuhamisha hatua mbili usiku wa mvua, baada ya miezi michache mti hushamiri kana kwamba umekuwa pale tangu enzi za babu, na atakayelalamika huulizwa kama mti una miguu.

Mgomba nao hauheshimu mpaka huo. Wenye mkungu mzito huegemezewa nguzo yenye panda, lakini upepo wa mvua ukija nguzo hubaki imesimama na mgomba hulala, mara nyingi kwa jirani. Sheria ya kuandikwa haipo. Ujirani ndio husema kwamba mkungu ni wa mwenye shina. Ujirani huo huo husema kwamba mtu hawezi kuangushiwa mgomba juu ya maharage yake akabaki mikono mitupu. Mkungu hukatwa, chane kadhaa hubaki kwa aliyeangukiwa, na pande zote mbili hula ndizi zisizokomaa siku nyingi mfululizo, zikipikwa na maharage yale yale yaliyolaliwa.

Mgeni anayejitolea kumenya ndizi hizo hupewa kisu kwa furaha na haambiwi kitu kuhusu utomvu. Utomvu wa ndizi mbichi hutoka mweupe kama maji, na ukidondokea nguo hauonekani. Nguo ikifuliwa na kuanikwa, doa hutokeza jeusi, la kudumu. Mashati meupe ya Jumapili huanza hivyo safari yao ya kuwa mashati ya shambani, na kwa kuangalia vifua vya watu siku ya palizi unaweza kujua nani aliwahi kuwa mkwe mpya.

Ukarimu una mitego mingine. Mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa, ambazo asiyezijua humeza nzima. Baadaye huletewa kinywaji cha ndizi. Kikiwa kimekamuliwa leo ni juisi. Kikichanganywa na mtama na kuachwa hadi kesho ni rubisi. Rangi haitofautiani sana, na kibuyu hakiandikwi tarehe. Wachungaji waadilifu wamewahi kuomba kuongezewa.

Mvua ya Kamachumu ni nyingi, na ndiyo inayoweka kijani mahali pake. Pia ndiyo inayosimamisha maongezi. Ikipiga bati, mahubiri, vikao vya harusi na hotuba za mwenyekiti hukatika, na watu hukaa wakitazamana hadi ipite. Balaa ni msimu wa kahawa, buni zinapokuwa zimeanikwa uani juu ya turubai. Wingu likionekana, nyumba nzima hutoka mbio: bibi na ufagio, watoto na ndoo, mgeni na suti yake. Kuku hufika kabla ya wote. Turubai hukunjwa kwa pembe nne na watu wanne wasioafikiana, na aghalabu jua hurudi buni zikishafika chini ya kitanda.

Mwezi wa Novemba huleta senene. Panzi hawa wa kijani huruka usiku kwa makundi baada ya mvua na kufuata mwanga, hivyo nyumba yenye taa kali nje hupata watu wengi kuliko ilivyoalika. Vijana husimama uani na ndoo, wengine wamepanda ukutani, na mwenye nyumba akitoka kuuliza huombwa asizibe taa. Kuwanyonyoa mbawa na miguu huchukua usiku mzima. Kwa mila za zamani wanawake waliwakamata na kuwaandaa bila kuwala, na wanaume wakala bila kuwakamata. Mila hiyo imelegea, na hakuna mwanaume aliyejitokeza kueleza hasa ilikuwa na faida gani.

Senene wakiwa wangali hewani, Wahaya wa Dar es Salaam huanza kurudi kwa ajili ya Krismasi. Nchi nzima huwatania kwa kujisifia usomi na majumba, na Kamachumu haifanyi juhudi ya kukanusha. Nyumba za ghorofa zilizofungwa tangu Januari hufunguliwa, popo hufukuzwa, na mpwa anayezilinda hueleza televisheni ilipokwenda. Wengine hujenga ukuta na geti, jambo ambalo kijia hakilielewi. Mwenye mali akiondoka, watu huendelea kupita pale pale walipopita baba zao, mpaka kwenye ukuta; kisha hupinda, huufuata hadi mwisho, na kurudi kwenye mstari. Ukuta wenyewe huanikiwa nguo. Mwakani yeye hulikuta geti lake limefungwa kwa kufuli lenye kutu na mlangoni pa jiko lake pana njia iliyokanyagwa vizuri, imetokea kwenye tundu ambalo hakuna anayelikumbuka likitobolewa.

Wiki ya kwanza ya Januari ni ya kufunga mizigo. Kila nyumba aliyoiaga msafiri humtolea mkungu, na kuukataa ni kuvunja undugu. Gari dogo lililokuja na watu watano na masanduku yao haliwezi kurudi na watu watano, masanduku, mikungu saba, gunia la maharage na ndoo ya senene wa kukaanga. Mjadala huwa mfupi. Ndizi huingia, watu hukaa juu yake, na masanduku ya nguo hufuata baadaye kwa basi.